Uimbaji wa Bara Hindi na Safari Yake Hata Pwani Yetu

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za uimbaji wa Bara Hindi: jinsi ulivyo, jinsi ulivyovuka bahari, na yale uliyoyaacha katika pwani yetu, tangu Mombasa na Unguja hata Mikindani na mlango wa mto Ruvuma. Huenda msomaji akauliza, "Nyimbo za Wahindi zatuhusu nini sisi watu wa kusini, tulio na ngoma zetu na mashairi yetu?" Zatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu tumepata kuimba mahadhi yaliyotoka Bara Hindi bila kujua asili yake, maana yamo ndani ya taarab tunazozisikia arusini. Ya pili, safari ya nyimbo hizo yatufundisha jambo ambalo kila kijiji chenye wazee waimbaji kingefaa kulijua mapema: wimbo haufi kwa sababu ya kusafiri, hufa kwa kukosa mwanafunzi.

Kwanza na tuutazame uimbaji wenyewe. Waimbaji wa Bara Hindi wana ngazi ya sauti saba, nazo huzitaja kwa silabi sa, re, ga, ma, pa, dha, ni, kama wanafunzi wa shule walivyozoea kusema do, re, mi. Lakini mwimbaji hapiti katika ngazi hiyo apendavyo. Huchagua raga. Raga si wimbo mmoja, wala si ngazi tu, ni njia. Kila raga ina sauti zake, tano au sita au saba, tena ina desturi yake ya kupanda na kushuka. Pengine sauti moja hupitiwa wakati wa kupanda na kuachwa wakati wa kushuka, na sauti nyingine ndiyo ya kutulia juu yake.

Mtu aijuaye mikoko ya mlango wa Ruvuma ataelewa upesi. Maji ni yale yale, lakini mwenye mtumbwi hujua mkondo wa kuingilia maji yanapojaa, na mkondo wa kutokea yanapokupwa. Wapiga kasia wawili hawapigi kasia sawasawa, walakini wote wawili hufuata mkondo ule ule. Ndivyo walivyo waimbaji wawili wa raga moja: kila mmoja hutunga papo hapo mbele ya wasikilizaji, wala hatoki nje ya njia. Katika kaskazini ya Bara Hindi raga nyingi zina wakati wake pia. Bhairav huimbwa alfajiri, Yaman huimbwa jua likiisha kuchwa, na raga za jamaa ya Malhar ni za majira ya mvua.

Nyuma ya mwimbaji hukaa mtu mwenye tambura, chombo kirefu cha nyuzi. Yeye hafuati wimbo. Hurudia sauti zile zile tangu mwanzo hata mwisho, ili mwimbaji awe na mahali pa kurejea, kama baharia auonavyo mwambao kwa mbali asipotee. Na pembeni hukaa mpiga tabla, ngoma mbili ndogo za mikono miwili, naye hushika tala, yaani hesabu ya mapigo. Tala ijulikanayo kuliko zote ni tintali, yenye mapigo 16. Mtoto hufundishwa kuihesabu kwa mikono: hupiga kofi katika pigo la 1, la 5 na la 13, na katika pigo la 9 hupunga mkono mtupu hewani. Ziko tala fupi zaidi, kama kaherwa ya mapigo 8 na dadra ya mapigo 6, nazo ndizo hutumiwa sana katika nyimbo nyepesi.

Nyimbo zenyewe ni za namna nyingi. Dhrupadi ni wimbo wa kale, mzito, wenye heshima kubwa. Khayali huwapa waimbaji nafasi pana ya kutunga, na wimbo mmoja waweza kuchukua saa nzima. Thumri ni wimbo laini wa mapenzi. Ghazali ni shairi la beti za mistari miwili miwili, lililofika Bara Hindi pamoja na lugha ya Kiajemi. Haya yote hayakufundishwa kwa kitabu. Mwanafunzi alikaa miguuni pa mwalimu wake, aitwaye guru kwa Wahindu na ustad kwa Waislamu, akarudia alichosikia asubuhi na jioni, miaka mingi, hata koo lake likaijua njia bila kuongozwa. Basi hifadhi ya elimu hiyo ilikuwa mtu, si karatasi. Neno hili tulishike, kwa maana tutalirudia.

Sasa tuje katika safari. Utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Waingereza, wenye mashamba ya miwa ya Bahari ya Karibi, upande wa pili wa dunia, walitafuta watu wengine wa kazi. Wakaletwa Wahindi kwa mkataba, kwa kawaida wa miaka 5. Meli za kwanza zilifika Guyana mwaka 1838, na Trinidad mwaka 1845. Surinam, nchi iliyokuwa ya Waholanzi, ilipokea meli yake ya kwanza mwaka 1873. Hata usafirishaji huo ulipokomeshwa mwaka 1917, watu wapatao 239,000 walikuwa wamepelekwa Guyana, 144,000 Trinidad, na 34,000 Surinam. Wengi wao walikuwa wakulima wa Bihar na nchi jirani za kaskazini, waliopakiwa katika bandari ya Calcutta. Hawakuwa waimbaji wa majumba ya wafalme. Tena safari ilikuwa ya miezi, na walio wengi hawakurudi kwao.

Watu hao waliimba nini? Waliimba yale waliyoyakumbuka. Walikuwa na nyimbo za vijijini mwao, na walikuwa na kumbukumbu ya dhrupadi, thumri na ghazali walizozisikia nyumbani. Baadaye walipata vitabu vya nyimbo vilivyochapwa Bara Hindi. Lakini vitabu hivyo vilikuwa na maneno tu, mahadhi hayakuandikwa. Ikawapasa kutunga mahadhi yao wenyewe. Vyombo vyao vilikuwa dholaki, ngoma ya pande mbili. Na dhantali, nondo ndefu ya chuma igongwayo kwa kipande cha chuma kilichopindwa kama kiatu cha farasi. Na kinanda cha harmoniamu.

Matokeo yake ni ya ajabu. Katika Trinidad na Guyana ulizaliwa uimbaji uitwao tan, na katika Surinam ulizaliwa ule uitwao baithak gana, maana yake nyimbo za kikao. Waimbaji wake hutaja dhrupadi, thumri na ghazali kama watajavyo mabingwa wa Delhi. Lakini bingwa wa Delhi akisikia hatazitambua, kwa kuwa majina ni yale ya zamani na mahadhi ni mapya. Je, tuseme wameharibu? Sisi twaona sivyo. Watu waliokatwa na chemchemi yao walichimba kisima pale walipo. Maji ya kisima si maji ya chemchemi, lakini yaliwanywesha watu kwa vizazi vingi, arusini na katika makesha ya misiba.

Hata hivyo kisima nacho chataka mtu wa kukichota. Kuanzia mwaka 1935 filamu za Kihindi zilifika Trinidad, na vijana wakapenda nyimbo zake. Kuanzia mwaka 1970 mwimbaji Sundar Popo alipendwa sana kwa nyimbo nyepesi zilizochanganya Kihindi na Kiingereza, zikawa msingi wa muziki wa kucheza uitwao chutney. Wakati huo huo wajukuu na vitukuu walikuwa wameacha kusema lugha ya babu zao. Mtu asiyejua maneno hawezi kukaa usiku kucha akisikiliza dhrupadi. Hivyo uimbaji wa tan umebaki kwa watu wachache.

Pwani yetu ilikuwa na bahati nyingine, na sababu yake ni pepo. Kaskazi huvuma kutoka Bara Hindi kuja kwetu, na kusi huvuma kutoka kwetu kwenda huko. Mfanya biashara wa Kutch au Kathiawar alikuja kwa jahazi kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Na kama hakurejea mwenyewe, ndugu yake alikwenda na barua. Hawakukatwa na kwao. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 1896 na 1901 vibarua karibu 32,000 waliletwa kwa mkataba kujenga reli ya Uganda, wapatao 2,500 wakafa katika kazi hiyo, na 6,700 hivi wakabaki. Lakini huku kusini, katika Lindi, Mikindani na ng'ambo ya Ruvuma, Wahindi wengi walikuwa wenye maduka, wanunuzi wa pembe, sandarusi, ufuta na mpira.

Basi nyimbo za watu hawa ziliishi wapi? Kwanza, katika nyumba za ibada. Makhoja wafuatao Aga Khan wana nyimbo za dini ziitwazo ginani, neno litokalo katika lugha ya Kisanskriti, maana yake maarifa. Zimetungwa kwa Kigujarati, Kisindhi na lugha nyingine za Bara Hindi, na kwa mapokeo zimehesabiwa kuwa kazi ya walimu wa kale waitwao mapiri, kama vile Pir Shams na Pir Sadardin. Huimbwa katika jamatkhana asubuhi na jioni, na mahadhi yake mengi yana jamaa na raga, ingawa waimbaji si mabingwa wa kulipwa. Ni mama, ni karani wa duka, ni mtoto wa shule. Mmoja huanza, na wote hufuata. Wahindu nao walikuwa na bhajani zao za kusifu, na garba, ngoma ya duara yenye makofi, katika sikukuu ya Navaratri.

Nyimbo hizi zilitunzwa vizuri kwa sababu zilikuwa na kazi ya kila siku, na kila mtoto alikuwa mwanafunzi. Lakini zilitunzwa nyuma ya mlango. Jirani Mmakonde au Mswahili alizisikia akipita njiani, wala hakuziimba. Kisha watunzaji wenyewe wakaondoka. Biashara ya Mikindani ilipungua bandari mpya ya Mtwara ilipojengwa kwa sababu ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitwaa majumba mengi ya kupangisha, na mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda kwa muhula wa siku 90. Maelfu walikwenda Uingereza na Kanada, na ginani zikavuka bahari mara ya pili. Hazikufa, kwa kuwa zilikwenda pamoja na watoto wa kuzijifunza. Bali pale walipotoka watu wote, mlango uliochongwa wabaki, na sauti iliyokuwa nyuma yake haipo.

Njia ya pili ilikuwa wazi zaidi, nayo ndiyo iliyotufikia sisi. Taarab ya Unguja ilipata mengi kutoka Misri katika zama za Sultani Barghash, aliyetawala mwaka 1870 hata 1888, na chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Lakini Bara Hindi nalo lilikuwa karibu, na mashine ya gramafoni ililileta karibu zaidi. Mwaka 1902 mwimbaji mwanamke Gauhar Jaan aliimba mbele ya mashine hiyo katika Calcutta, ikawa miongoni mwa sahani za santuri za kwanza za Bara Hindi. Wimbo wa khayali wa saa nzima ulipaswa kumalizika kwa dakika 3 hivi, maana upande mmoja wa sahani haukuchukua zaidi.

Miaka 26 baadaye, mwaka 1928, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika Unguja, aliyekuwa zamani akiuza vyungu vya udongo, alisafiri na wenziwe hata Bombay, wakaimba mbele ya mashine ya kampuni yenye chapa ya mbwa. Nyimbo zao zilikuwa miongoni mwa nyimbo za kwanza za Kiswahili kutiwa katika santuri, na sahani hizo zikaenea pwani nzima. Tazameni mpango wa mambo: sauti ya Mswahili ilikwenda Bara Hindi ili irudi kwa Waswahili. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Kisha zikaja filamu zenye sauti. Ya kwanza ya Bara Hindi ilionyeshwa Bombay mwaka 1931, na tangu hapo nyimbo za filamu zikaenea kila mahali penye jumba la sinema. Watungaji wa nyimbo hizo wengi walikuwa wamejifunza raga. Filamu ya Baiju Bawra ya mwaka 1952, iliyotiwa muziki na Naushad, yaeleza habari za waimbaji mabingwa wa zamani, na nyimbo zake zimejengwa juu ya raga. Hivyo mtu wa pwani aliyependa wimbo wa filamu alipokea raga iliyofupishwa, bila kujua jina lake.

Katika Mombasa kazi hii ilipata bingwa wake. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya Ahmad Nassir, kwa mahadhi ya Kihindi, pamoja na tabla na harmoniamu. Jambo hili si gumu kama lidhaniwavyo. Mshororo wa shairi letu una mizani 16, nusu yake ni mizani 8. Na tala ya kaherwa ina mapigo 8. Si kwamba kila silabi hupata pigo moja, kwa maana mwimbaji hurefusha hapa na kukaza pale. Lakini vyumba viwili vya mshororo hukaa vizuri katika mzunguko wa mapigo hayo.

Hapa msomaji ajue kwamba harmoniamu yenyewe si chombo cha asili cha Bara Hindi. Ni kinanda cha mivukuto kilichobuniwa Ulaya katika karne ya 19. Redio ya Bara Hindi ilikikataza mwaka 1940, kwa sababu sauti zake zimefungwa katika vipande, wala hakiwezi kuteleza kati ya sauti na sauti kama koo la mwanadamu lifanyavyo katika raga. Katazo hilo lilianza kulegezwa mwaka 1971. Basi hata nyumbani kwake uimbaji huu umegombaniwa, kipi ni chake na kipi ni cha mgeni.

Ugomvi huo huo umekuwapo kwetu. Wako wasemao kwamba kutia maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu ni uvivu, na kwamba mahadhi yetu wenyewe yanasahauliwa. Wako wasemao kwamba kitu kizuri hakina kabila. Sisi twaona kila upande una haki yake. Aliyeazima mahadhi akatia ndani yake shairi lenye vina, mizani na maana nzito, ameleta mali nyumbani. Lakini aliyeazima kwa kuwa hakujifunza mahadhi ya bibi yake, huyo ameacha shamba lake akaenda kulima la jirani.

Tena tusidhani kwamba safari ilikuwa ya upande mmoja. David Livingstone alipofika Mikindani mwaka 1866, msafarani mwake walikuwamo askari kutoka Bombay, na vijana Waafrika waliolelewa Nasik katika Bara Hindi. Waafrika wa pwani yetu walivukishwa bahari hiyo kwa karne nyingi, wengine watumwa, wengine mabaharia na askari. Wazao wao katika Gujarat huitwa Masidi. Lugha yao leo ni Kigujarati, Kiswahili wamekisahau. Lakini ngoma yao huiita goma. Wanayo ngoma iitwayo musindo, nasi twajua msondo. Na ndani ya nyimbo zao wanazoziimba katika ziara ya Bava Gor yamebaki maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji wenyewe hawajui tena maana yake. Mapigo yamebaki kwa sababu mtoto hufundishwa kupiga. Maana imepotea kwa sababu hakuna aliyefundishwa lugha.

Tukiweka mambo haya pamoja, twaona mafundisho matatu. Trinidad yatuonyesha kwamba kitabu cha maneno hakitoshi, kwa kuwa hakichukui mahadhi. Santuri yatuonyesha kwamba sauti iliyonaswa nayo haitoshi, kwa kuwa huchukua dakika 3 za wimbo, wala haichukui njia ya kuutunga mwingine. Masidi watuonyesha kwamba hata mahadhi na mapigo hayatoshi, ikiwa maana imesahauliwa. Vyote vitatu hukaa pamoja katika mtu mmoja tu, ndiye mwanafunzi aliyekaa na mwalimu.

Basi twawaomba ninyi wanafunzi, na ninyi wenye vijiji kutoka Msimbati hata Mikindani na juu ya uwanda wa Makonde, mfanye kazi hii. Wako kwenu wazee wazijuao nyimbo za kutwanga, za jandoni na unyagoni zile ziruhusiwazo kuimbwa hadharani, za kuvuta nyavu na za kubembeleza watoto. Andikeni maneno yake, na jina la aliyeimba, na kazi ambayo wimbo huimbiwa. Ulizeni maana ya kila neno la zamani kabla mwenye kulijua hajaondoka. Mwenye simu ya kunasa sauti na ainase. Lakini mkiisha kuandika na kunasa, msiseme kazi imekwisha. Kaeni chini, mzee aimbe mstari mmoja, nanyi mwitikie; akiwakosoa, rudieni; na kesho yake mwende tena.